Mashine moja, hewa mbili

Bodi ya MDF ya milimita 1,220 kwa 2,440 ikilazwa juu ya mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ili itoe makabati ya jikoni, biti moja haitoshi. Ya milimita 5 hutoboa matundu ya pini za shelfu, kila tundu milimita 32 kutoka kwa mwenzake. Ya milimita 35 huchimba nafasi ya bawaba. Ya tatu hukata vipande vyenyewe.

Kwenye mashine ya kawaida, kila biti hubadilishwa kwa mkono. Mashine inasimama, fundi anashika spana mbili, anafungua koleti inayoibana biti, anachomeka biti nyingine, anapima upya urefu wake, ndipo kazi inaendelea. Tuseme shughuli hiyo ni ya dakika tatu. Oda ya bodi 20 ina mabadiliko 60, yaani saa tatu za mashine kukaa bure. Ile inayojibadilishia biti kwa sekunde 15 inayamaliza yote kwa robo saa.

Hesabu hii ndiyo inayouza mashine ya kujibadilishia biti. Mwenye karakana ya samani wa Keko, Dar es Salaam, au wa barabara ya Ngong, Nairobi, akiagiza kutoka China, ambako mji wa Jinan umejaa watengenezaji wake, huulizia kwanza idadi ya biti: nane, kumi au kumi na mbili? Swali linalosahaulika ni la hewa. Mashine hii inataka hewa mbili, moja ya kusukuma na moja ya kuvuta, na gharama za zote mbili mara nyingi ziko nje ya bei aliyotajiwa.

Tuanze na ya kusukuma. Kila biti hukaa kwenye koni ya chuma, nyingi zikiwa za kipimo cha ISO30. Ndani ya spindeli, yaani mota inayozungusha biti, springi kali huivuta koni juu na kuibana. Hewa ya kompresa, yenye shinikizo la bar 6 hivi au zaidi kidogo, huzikandamiza springi hizo ili koni iachiwe. Uzuri wake ni kwamba umeme ukikatika na hewa ikaisha, biti haidondoki. Ubaya ni kwamba hewa ikiwa haba katikati ya mabadiliko, koni hukwama au hubanwa nusunusu. Kwa hiyo fundi makini hufunga swichi ya shinikizo inayoizuia mashine kuanza kubadilisha kabla tangi la kompresa halijajaa vya kutosha.

Pwani kuna tatizo la ziada. Hewa ya Tanga au Mombasa ina unyevu mwingi, na ikishindiliwa kisha ikapoa hutoa maji. Kompresa isiyo na kikausha hewa huyapeleka maji hayo hadi ndani ya spindeli. Kutu ikishaingia, kinachofuata ni spindeli mpya.

Hewa ya kuvuta, ile inayoondoa vumbi, ndiyo inayodharauliwa zaidi. Vumbi la MDF ni laini kama unga wa ngano, na linatua popote, zikiwemo koni zinazosubiri zamu kwenye rafu. Punje chache tu zikinaswa kati ya koni na kiti chake, biti inakaa upande. Kwa mizunguko 24,000 kwa dakika, upande huo mdogo unaonekana kwenye ukingo wa bodi, kisha kwenye biti inayovunjika, kisha kwenye beringi. Spindeli nyingi hupuliza hewa kwenye koni wakati wa kubadilisha, lakini kupuliza hakusaidii sana ndani ya chumba kilichojaa vumbi.

Hapo ndipo mifumo miwili inapogombana. Ili vumbi livutwe vizuri, brashi ya mdomo wa bomba la kuvuta lazima izunguke biti na kugusa bodi. Ili biti ibadilishwe, brashi lazima ipishe. Mashine nzuri huipandisha na kuishusha kwa hewa ya kompresa, ikifuata urefu wa biti, kwa kuwa biti ndefu na fupi haziwezi kutumia kimo kimoja cha brashi.

Bomba nalo lina hesabu yake. Vumbi na maranda husafiri vizuri hewa ikienda kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, bomba la milimita 100 hupitisha mita za ujazo 565 kwa saa. La milimita 150 hupitisha karibu 1,270. Anayepunguza bomba ili kuokoa fedha anapoteza zaidi ya nusu ya hewa, na mpira mrefu wenye mikunjo humpunguzia nyingine. Mabomba ya plastiki pia huzalisha umeme tuli, hivyo yanahitaji waya wa kuupeleka ardhini.

Haya yanagusa uhai pia. Mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Na vumbi hilo hulipuka: Julai 2015, mlipuko kwenye kinu cha unga wa mbao huko Bosley, Uingereza, uliua watu wanne. Mfuko wa kitambaa unaojaa maranda humfariji mwenye karakana, ilhali unga mwembamba, ule unaofika mapafuni, unapenya na kurudi chumbani.

Kwa hiyo, anayepanga bajeti apange kinyume cha wauzaji: kwanza umeme wa njia tatu, kompresa na kikausha chake, kisha mabomba, feni na chujio, halafu ndipo ahesabu biti. Kazi ya makabati inakwenda na biti tatu au nne. Rafu ya biti kumi na mbili inaweza kusubiri. Na jioni, kabla ya kufunga mlango, mtu afute koni kwa kitambaa kikavu na kufungua koki iliyo chini ya tangi. Maji yatakayotoka hapo, yangebaki, kesho yangekuwa ndani ya spindeli.