Unafundisha washangiliaji wa shule? Anzia kwenye ngoma

MASASI/NEWALA. TIMU ya shule inaweza kukosa jezi mpya, inaweza kukosa hata viatu, lakini haikosi washangiliaji. Kuanzia Masasi chini hadi Newala juu, mechi ya shule bila ngoma, filimbi na nyimbo inaonekana kama mazoezi tu.

Shida ni nani anawafundisha hao watoto. Kocha wa timu anajulikana. Kikundi cha ushangiliaji anatupiwa mwalimu yeyote mwenye nafasi, tena UMITASHUMTA au UMISSETA ikiwa imeshabisha hodi. Hajasomea kazi hiyo. Anashika simu, anatafuta video za Wamarekani wanaorushana hewani, kesho yake anataka darasa la tano wafanye vilevile.

Hapo ndipo mtoto anapovunjika mkono.

Ni mchezo kweli

Ushangiliaji wa mtindo huo una historia yake. Ulianza Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Novemba 2, 1898, pale mwanafunzi Johnny Campbell aliposimama mbele ya mashabiki na kuwaongoza kupiga kelele kwa pamoja. Mwanzoni ilikuwa kazi ya wanaume. Leo una shirikisho lake la dunia, ICU, ambalo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi mwaka 2021.

Wale wanaorushwa kwenye video wana magodoro ya kuangukia na miaka ya mazoezi. Uwanja wa shule una mchanga, mawe na visiki. Kwa hiyo sheria ya kwanza kwa kocha mgeni ni rahisi: miguu ibaki chini. Hakuna kupandiana mabegani, hakuna kurushana.

Mtaji upo nyumbani

Habari njema ni kwamba Kusini hakuna haja ya kuazima. Huku ndiko nyumbani kwa sindimba, ngoma ya Wamakonde iliyosambaa hadi ikachezwa na shule za nchi nzima. Mtoto wa Newala anajua kuitikia kabla hajajua kusoma.

Kocha mjanja anawatafuta wazee wapiga ngoma kabla ya kutafuta bando. Atajifunza kwao kwa nini ngozi inapashwa moto kwanza, nani aanzishe wimbo na nani aitikie, na wapi mguu ugonge chini. Atauliza pia kipi kinafaa watoto kucheza hadharani na kipi ni cha jandoni au unyagoni, kisiletwe uwanjani. Masasi wapo Wamakua na Wayao pia, kwa hiyo nyimbo zisiwe za upande mmoja.

Baada ya hapo ni mazoezi. Aanze na watoto wachache wanaoshika mdundo, waongezeke taratibu. Wapashe misuli kama wachezaji. Na maji yawepo: Newala maji hupandishwa kutoka bondeni, hivyo ndoo iandaliwe mapema. Koo lililokauka haliimbi dakika 90.

Kusoma mechi

Somo gumu zaidi ni kuujua mpira. Kikundi kisichojua mpira kinacheza wakati kipa wake amelala chini anatibiwa. Kilichofundishwa kinanyamaza mchezaji akiumia, kinapandisha mzuka timu ikifungwa, na hakimtukani mpinzani wala refa.

Mkoa wa Mtwara unajua thamani ya hilo. Ndanda FC, iliyobeba jina la Ndanda ya Masasi, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kushuka 2019/20. Mwaka 2019 na 2021 michezo ya shule kitaifa ilifanyika Mtwara. Mashabiki wa timu ijayo ya Kusini ndio hawa walio shuleni sasa.

Wasichana wapewe mpira pia

Lipo moja la mwisho, na ndilo zito. Shule nyingine wavulana wanapewa mpira, wasichana wanapewa vitambaa vya kupeperusha, basi. Twiga Stars imecheza fainali za Afrika mwaka 2010, ikarudi tena Morocco 2025. Haikufika huko kwa kupunga vitambaa.

Kocha wa ushangiliaji ndiye anayewaona wasichana hao kila jioni. Anamjua mwenye mbio, anamjua mwenye pumzi. Akimwona anayeweza kucheza, ampeleke kwa kocha wa timu. Na mvulana anayependa kuimba na kupiga ngoma, aje achukue nafasi yake.