Kabla ya Kununua Kiwanja: Fahamu Jinsi Miamba Inavyojikunja na Kupasuka

Mnunuzi wa kiwanja hukagua mipaka, hati na jina la mwenye mali. Ni mara chache anapouliza habari za mwamba uliolala chini ya udongo anaoulipia. Ramani ya upimaji nayo haimwambii jambo hilo, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha mipaka, ukubwa na mahali kiwanja kilipo. Kwa wakazi wa Bonde la Ufa na maeneo yanayopakana nalo, swali hili ni zito, kwa sababu ardhi ya huko ingali inavutwa. Katika makala haya tunaeleza jinsi miamba inavyobadilika umbo, na namna maarifa hayo yanavyoweza kulinda akiba ya mlaji.

Kwa nini mwamba mmoja hupinda na mwingine huvunjika

Miamba hukumbwa na kani za aina tatu: mgandamizo, unaoisukuma kutoka pande mbili, mvutano, unaoivuta, na kani zinazosukuma upande mmoja upishane na mwingine. Matokeo hutegemea joto, uzito ulio juu ya mwamba, na muda. Mshumaa ulioachwa juani huinama polepole bila kukatika; mshumaa uleule ukiwa baridi na kukunjwa kwa ghafla huvunjika. Vivyo hivyo, katika kina cha kilomita nyingi, palipo na joto kali, mwamba hujikunja. Karibu na uso wa dunia, palipo baridi, hupasuka.

Mikunjo ya kale huonekana katika miamba ya Usambara na Uluguru, yenye mistari myeusi na myeupe iliyojipinda. Ni alama ya mgandamizo uliotokea kwa kina kirefu zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mikunjo hiyo ilikwisha kutulia, na mnunuzi hana sababu ya kuiogopa.

Ufa ni jambo jingine. Mwamba hukatika, kisha pande zake mbili huteleza. Katika Bonde la Ufa, mabamba mawili ya gamba la dunia yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Kipande cha kati hushuka, kingo zikabaki juu. Msafiri anayepanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu hupanda ukingo wa namna hiyo.

Mwendo huo si laini. Pande za ufa hung'ang'aniana, mwamba ukajikaza kama upinde uliovutwa, hatimaye ukaachia ghafla. Hilo ndilo tetemeko. Na kwa kuwa ufa ni mahali dhaifu, aghalabu mwamba huteleza tena palepale ulipoteleza zamani. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua zaidi ya watu 10 na kuharibu maelfu ya nyumba.

Ufa uliofukiwa haujapona

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, mpasuko mrefu ulifunguka karibu na Mai Mahiu, nchini Kenya, ukakata barabara ya kwenda Narok. Wengi walidhani kwamba Afrika imegawanyika siku ile. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba maji yalikuwa yamezoa majivu laini ya volkano yaliyojaza mwanya wa zamani. Fundisho kwa mnunuzi ni hili: kifusi kipya kinaweza kuficha mwanya, lakini hakiuzibi.

Si kila mpasuko ni ufa wa mwamba. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi kwa mistari inayokutana kama wavu, kisha hujifunga mvua inaponyesha. Udongo huo nao huhitaji msingi maalumu. Mpasuko wa kutilia shaka zaidi ni ule mrefu, ulionyooka, unaovuka viwanja kadhaa, unaomeza maji ya mvua, au unaofuata mstari mmoja na kuta zilizopasuka za majirani.

Hatua tunazoshauri

1. Tembelea kiwanja wakati wa kiangazi na tena baada ya mvua kubwa.

2. Waulize wazee na majirani kama ardhi imewahi kupasuka, kudidimia au kufukiwa.

3. Kwa aliye Tanzania, uliza ramani ya miamba ya eneo hilo katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST). Ukiwa nchi nyingine, uliza taasisi ya jiolojia ya serikali.

4. Mwombe mhandisi achimbe shimo la majaribio kabla hujalipa. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya nyumba.

5. Mtake muuzaji aandike katika mkataba yale anayoyajua kuhusu nyufa na vifusi. Maneno ya mdomo ni magumu kuthibitisha baadaye.

6. Usijenge juu ya mstari wa ufa. Nondo na zege huisaidia nyumba kustahimili mtikisiko, lakini hakuna msingi wa kawaida wa nyumba unaoweza kuzuia pande mbili za mwamba zisiachane.

7. Hata mbali na ufa, usipunguze nondo, nguzo wala lenta inayozunguka nyumba nzima. Katika matetemeko, vinavyoua zaidi ni kuta na paa zinazoanguka.

Muuzaji akikuharakisha ulipe kabla ya ukaguzi huu, ahirisha malipo. Kiwanja kizuri kitastahimili kuchunguzwa. Fedha iliyokwisha kutolewa kwa kiwanja kibovu ni shida kuirejesha.