Asiyelewa upesi ndiye aliye hatarini

KATIKA vikao vya pombe huko Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, si ajabu kumsikia mtu akisifiwa kwamba ana kichwa kigumu. Hunywa bilauri baada ya bilauri ya chang'aa, kisha huinuka na kwenda zake bila kuyumba. Mwenzake aliyelemewa na bilauri moja huchekwa. Kwa mujibu wa utafiti wa miaka mingi, anayestahili kuhofiwa ni yule anayesifiwa.

Ushahidi wa mwanzo ulitoka kwa panya wa maabara. Mwaka 1959, wanasayansi wa Marekani, Gerald McClearn na David Rodgers, waliwawekea panya wa koo mbalimbali chupa za maji na za pombe, wajichagulie. Panya wa kila ukoo walikuwa wamezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi, hata wakafanana kijeni mithili ya pacha. Ukoo uitwao C57BL uliipenda pombe. Ule wa DBA uliikwepa.

Baadaye, huko Colorado, McClearn aliwapanga panya kwa muda wanaolala baada ya kudungwa kiasi kilekile cha pombe. Wenye usingizi mrefu walizalishwa wao kwa wao, na wenye usingizi mfupi vivyo hivyo. Vizazi vilipopita, zikapatikana koo mbili: moja ililala muda mrefu, nyingine iliamka baada ya dakika chache. Maini yao yaliisaga pombe kwa kasi inayokaribiana. Tofauti ilikuwa ubongoni.

Je, binadamu naye? Mark Schuckit wa California aliwapa vijana wa kiume pombe ya kupimwa, baadhi yao wakiwa wana wa walevi, akachunguza jinsi inavyowaathiri. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1994, baada ya kuwafuatilia kwa takriban miaka 10, yanatisha. Miongoni mwa wana wa walevi ambao pombe haikuwasisimua sana, asilimia 56 walikuwa wametekwa na ulevi. Kwa wale iliowalemea upesi, ni asilimia 14 tu. Sababu haifichiki: asiyeonywa na mwili wake huendelea kunywa. Kwa upande mwingine, watu wengi wa Japani na Uchina wana jeni inayowafanya waive uso na kuchafukwa na moyo kwa pombe kidogo tu, na jeni hiyo huwakinga na ulevi.

Hapa ndipo penye uzito kwa familia zinazopeleleza ukoo wa mchumba. Kusema kijana atakuwa mlevi kwa kuwa babake alikuwa mlevi ni kumhukumu bila haki. Kinachorithiwa ni mwelekeo tu, na wataalamu hukadiria kuwa jeni huchangia takriban nusu ya hatari hiyo. Iliyobaki hutokana na malezi, marafiki, na ukaribu wa kilabu na nyumbani. Panya wa C57BL asiyewekewa chupa ya pombe hunywa maji maisha yake yote.

Kijana wa aina hiyo asingojee miguu iyumbe ndipo ajue ametosheka. Na ahesabu bilauri, kwa maana ishara anayoitegemea mwenzake yeye huenda asiipate.