Mserereko au Mvutano? Istilahi ya Mwendo wa Graviti katika Michezo ya Bunilizi ya Kisayansi

Makala haya yanajadili suala dogo la istilahi lililobeba suala kubwa la maana. Katika michezo ya bunilizi ya kisayansi, chombo cha angani mara nyingi hakisukumwi na gesi za roketi, bali huendeshwa kwa graviti ya kubuni. Mwendo huo uitweje kwa Kiswahili bila kumpotosha mwanafunzi wa fizikia?

Istilahi iliyozoeleka shuleni ni mvutano. Neno hilo limeelemewa na maana: upo mvutano wa kamba, wa vyama, na hata wa wanandugu wanaogombea shamba. Aidha, kitenzi vuta hudokeza kwamba kivutwacho huhisi kuvutwa, ilhali kitu kinachoanguka kwa uhuru hakihisi lolote. Graviti nalo ni neno safi lakini bubu.

Lipo neno la tatu, nalo halikutoka maabara. Katika miinuko ya Usambara iliyo ndani ya Wilaya ya Korogwe, kama vile Bungu na Vugiri, kijito kilicho juu ya kijiji chaweza kuingizwa katika bomba, maji yakashuka yenyewe. Hayo huitwa maji ya mserereko. Handeni mambo ni kinyume: mradi wake mkuu, HTM, huchota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha kwa pampu, pampu ikizimika, bomba hukauka. Msemaji wa eneo hili, basi, anayo tayari tofauti ambayo fizikia inaihitaji, yaani kisukumwacho na kinachoserereka. Roketi ni maji ya Handeni. Injini ya graviti hudai kuwa maji ya Bungu.

Dai hilo lina sura zaidi ya moja. H.G. Wells, katika The First Men in the Moon (1901), alibuni madini yanayokinga graviti. Mchezo wa Mass Effect (2007) hupunguza tungamo la chombo, si uzito tu. Hapa wafasiri wengi huteleza, kwani katika Kiswahili cha kila siku uzito hubeba maana zote mbili. Sura iliyo tajiri zaidi ni ile ya chombo kinachojitengenezea bonde la graviti mbele yake na kulitumbukia daima. Chombo kikiserereka hivyo kwa mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, baada ya saa moja kitakuwa na kasi ya kilomita 35 hivi kwa sekunde, na abiria hawatabanwa vitini, kwa kuwa wanaanguka pamoja nacho.

Hapa ndipo istilahi inapotenda kazi. Ukisema injini ya mvutano, msikilizaji huridhika. Ukisema injini ya mserereko, mkulima wa Vugiri atauliza mara moja: chanzo kiko wapi? Maji huserereka kwa sababu jua liliyapandisha kwanza yakawa mvua. Chombo kinachobeba mlima wake chenyewe ni sawa na mtu aliyemo ndani ya mashua akiivuta kwa kamba aliyoifunga kwenye mlingoti wake. Haitasogea. Wabunifu wenyewe waliliona tatizo: Traveller, mchezo wa kuigiza uliotolewa Marekani mwaka 1977, uliwahi kuwa na vyombo viendavyo bila kutoa gesi, lakini toleo la mwaka 1993 likarejesha roketi. Mserereko wa kweli angani upo pale tu penye mlima wa mwingine: Mariner 10 ilipita karibu na Zuhura mwaka 1974 ikatumia graviti ya sayari hiyo kuelekea Utaridi.

Yawezekana kupinga kwamba serereka hudokeza kugusana na utelezi, na kwamba angani hakuna chini. Pingamizi la kwanza lina uzito, ingawa istilahi nyingi hupoteza rangi ya asili zikishatumika. La pili ni dhaifu, maana chini ni kule vitu viangukiako. Kimofolojia neno halina shida: limejengwa kama mporomoko na mteremko, ila mteremko hutaja mahali, mserereko hutaja tendo. Kwa Mass Effect, hata hivyo, lisitumike. Chombo kilichopunguziwa tungamo bado kinahitaji kusukumwa, na jina lake liseme hivyo: injini ya kupunguza tungamo.