Fahamu: Kafi haliruhusiwi kwenye mashindano ya tanga

Upepo ukizimika, mvuvi wa Musoma au Bunda hushika kafi. Kijana anayeshindana kwa mashua ya tanga haruhusiwi. Kanuni ya 42 ya World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, inataka mwendo utokane na upepo na maji tu. Kuvuta na kulegeza tanga mfululizo, kuyumbisha mashua tena na tena, kutikisa usukani kama mkia wa samaki: yote makosa.

Lakini wimbi likifaa kutelezewa, kuvuta tanga mara moja kwa wimbi hilo ni halali. Hapo ndipo walimu wanapopaswa kukaa sana na watoto, maana wengi huadhibiwa kwa kutojua mpaka kati ya halali na kosa.

Mtu akiwa hatarini majini, kanuni hiyohiyo inaruhusu njia yoyote kumfikia, hata kafi.