Masurufu ya Msafiri wa Pikipiki

Wahenga walinena: msafiri kafiri. Hawakukusudia kumtoa mtu katika dini yake. Walikusudia kwamba aliye njiani hula asichokizoea, hulala pasipo pake, na huvumilia mengi ambayo nyumbani asingeyavumilia. Lakini, ndugu msomaji, shida ya safari ni jambo moja na uzembe wa msafiri ni jambo jingine. Hili la pili lina dawa, na dawa yake hufungwa kabla ya kutoka nyumbani.

Nayasema haya kwa ajili ya vijana wa mitaa ya Eastlands hapa Nairobi: Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni, Jericho mpaka Buruburu. Siku za kazi pikipiki zao hubeba abiria na mizigo ya Gikomba. Ikifika Jumamosi, baadhi yao hufunga hema nyuma wakashika njia ya Magadi kwenda kulala nje. Hupita Kiserian, wakapigwa na upepo wa Corner Baridi, kisha wakateremka Bonde la Ufa mpaka Olorgesailie, kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini. Hapo ndipo Louis na Mary Leakey walipoanza kuchimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale katika miaka ya 1940. Makumbusho ya Taifa yana vibanda na uwanja wa kupigia hema. Ni matembezi mazuri, nami siwalaumu.

Ninalotazama mimi ni mizigo yao. Hivi majuzi nilimkuta mmoja Majengo akifunga unga kilo mbili, maharagwe makavu na gunia la makaa.

"Mwanangu," nikamwambia, "maharagwe hayo utayapika saa ngapi?"

"Mzee, tutafika saa kumi. Usiku wote ni wetu."

Usiku ni wake kweli, ila maji si yake. Maharagwe yataka saa mbili za moto na maji ya kuongeza kila mara, na kule ni nchi kavu. Huenda maji yote aliyo nayo ni yale aliyoyabeba. Akiendelea mbele hadi Ziwa Magadi ataona maji tele, lakini ni yale yenye magadi wanayotia mama zetu katika maharagwe yapate kulainika. Hayanyweki.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jambo hili. Mtaa wa Kariokor umepata jina lake kwa Carrier Corps, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, na kuhara damu kulikuwa mbele. Walipewa unga wa mahindi ambao wengi wao hawakuuzoea, nao sufuria, kuni na wakati wa kuupika ukaiva havikutosha. Wakala kibichi, wakanywa maji machafu, wakaangamia njiani. Kila apitaye Kariokor akila nyama choma na akumbuke kwamba mahali hapo pameitwa jina la watu waliokosa chakula kilichoiva.

Basi kanuni ni moja: chakula cha safari ni kile kisichokudai maji, kuni wala wakati. Mabaharia waliokuja pwani kwetu na kaskazi waliijua. Jahazini mlikuwa na tende na papa mkavu, vitu ambavyo jua na chumvi vimekwisha kuvipika. Akiba haiozi, ndivyo tusemavyo.

Na hapo Eastlands vyote vinapatikana. Tende zapatikana Majengo na Eastleigh. Kokwa 7 pamoja na maji humwondolea mtu njaa ya asubuhi. Mahamri yakikaangwa Ijumaa usiku yatafaa mpaka Jumapili asubuhi, ila yapoe kwanza kabla ya kufungwa, na yafungwe kwa kitambaa, kwani katika mfuko wa plastiki hutoa jasho yakaota ukungu. Mbaazi za nazi ziacheni nyumbani, tui huchacha kwa joto. Mayai yachemsheni yawe magumu, yaliwe siku hiyo hiyo.

Kwa kitoweo, waendeeni Wasomali wa Eastleigh. Nyirinyiri yao ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa mpaka maji yakaisha, kisha ikahifadhiwa katika samli. Hukaa wiki nyingi bila barafu, na huliwa baridi. Tena anayejali nani amechinja hana haja ya kuuliza njiani.

Njugu na kashata ni chakula cha nguvu, lakini chagueni. Njugu iliyokunjamana au yenye ukungu itupwe. Sumu ya kuvu si mzaha: mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwapata watu 317 huko Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 wakafariki.

Ama kinywaji, maji ni ya kwanza. Kila mtu na abebe lita 4 kwa usiku mmoja. Ukwaju uliokandwa na sukari kidogo hukata kiu ya Bonde la Ufa kuliko soda. Kahawa chungu yenye tangawizi itiwe katika chupa ya chai tangu nyumbani. Na mwekeeni mgonjwa sukari na chumvi: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Mwenye kuhara akinywa kidogo kidogo, hataishiwa maji mwilini kabla ya kufikishwa hospitali.

Limebaki la kufunga mzigo. Lita ya maji ni kilo moja, basi igaweni kulia na kushoto, chini, karibu na mwendeshaji. Ikirundikwa juu na nyuma, pikipiki itayumba kwenye kona za kuteremkia. Chakula kikae mbali na ekzosi, na mbali zaidi na petroli, kwani mkate ukishanuka petroli haufai hata kwa kuku.

Yule kijana aliacha maharagwe, akaenda kwa mama wa mahamri akaagiza 20. Gunia la makaa hakuliacha. Alisema ni la kuotea moto. Nikamwambia sawa, maadamu atalikokea nje wala hataliingiza hemani, kwa kuwa moshi wa makaa huua aliyelala. Akaitikia.