Je, Wajua? Bandari ya Mombasa: Toka Bega la Kuli Hadi Kreni

Je, wajua Mombasa ina bandari mbili, na ile kubwa ndiyo iliyozaliwa juzi? Kwa karne nyingi vyombo vilitia nanga Bandari ya Kale, ubavuni mwa Mji wa Kale. Upepo wa kaskazi ulivileta kutoka Uarabuni na Ghuba na tende na mazulia. Upepo wa kusi ukavirudisha vimesheheni boriti za mikoko.

Je, wajua Kilindini, ile bandari kubwa, imepewa jina na maji yake? Kilindi ni pale penye kina kirefu, na meli kubwa hazikutaka kingine.

Hata hivyo, meli hizo kwanza hazikugusa nchi kavu. Zilisimama katikati ya maji, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa pwani, mzigo ukapakuliwa tena. Kazi moja mara mbili, mpaka gati za kina kirefu zilipoanza kutumika mwaka 1926.

Nani aliyebeba? Makuli, na jina hilo nalitaja kwa heshima. Gunia la kahawa lina kilo 60. Walipanda nalo na kushuka nalo, jua la utosi, jasho na vumbi la juti shingoni. Wengi walikuwa vibarua: leo kazi, kesho hakuna. Je, wajua neno kibarua latokana na barua? Ni kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa.

Januari 1947 makuli na wafanyakazi wengine wa mji waligoma pamoja, na Mombasa ikasimama. Mwaka 1955 makuli wakagoma tena. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akashika mazungumzo, na mshahara ukapanda. Haki yao haikushushwa na meli yoyote. Waliidai wenyewe.

Kisha likaja kontena. Litazame pembeni: kila pembe ina tundu. Kreni hutia vyuma vinne kwenye matundu manne, vikajifunga, sanduku likapaa. Kontena la futi 20 huchukua magunia ya kahawa yapata 300. Hesabu mabega.

Ukihesabu kwa kipimo hicho cha futi 20, Mombasa ilivuka makontena milioni 1 kwa mwaka mnamo 2014, na milioni 2 mnamo 2024.

Na Bandari ya Kale? Vyombo vya mbao bado huja, na huko gunia bado hupanda begani.